Baiskeli ya Milimani Kati ya Ziwa Lutamba na Rondo: Anza na Tairi

Ziwa Lutamba liko takriban kilomita 40 magharibi ya Lindi mjini, mita 240 hivi juu ya usawa wa bahari, jirani na Msitu wa Hifadhi wa Litipo. Ukiendelea magharibi, ardhi inapanda na kushuka, kilima baada ya kilima, mpaka inapofika kwenye miinuko ya Rondo, zaidi ya mita 800. Katika eneo hilo lote usitafute njia iliyochongwa kwa ajili ya baiskeli ya milimani. Utakuta njia za miguu za kwenda shamba, mapito ya bodaboda, mapito ya ng'ombe na barabara za kale za magari ya magogo zilizoliwa na nyasi. Zinatosha kabisa, mradi ujue kuzichagua.

Wengi hujiandaa kwa ajili ya mlima. Wananunua baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, wanafanya mazoezi ya miguu, kisha wanakwama kilomita ya nne, penye tambarare, kwa sababu ya mchanga au mwiba. Huku mlima ni tatizo la tatu. La kwanza na la pili, mchanga na mwiba, yote yanaanzia kwenye tairi, ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu tairi.

Mwezi wa kwenda

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Mvua ikiwa bado inanyesha, usihangaike: mabondeni kuna udongo mfinyanzi mweusi unaojisokota kwenye tairi, unajaza nafasi ya foko, na gurudumu linagoma kuzunguka. Hata ukisukuma, unasukuma baiskeli iliyoongezeka kilo kadhaa za tope.

Kipindi kizuri ni nusu ya pili ya Juni mpaka mwisho wa Julai. Mfinyanzi umeshakauka, na mchanga bado una unyevu kidogo chini ya ngozi yake ya juu. Unyevu huo ndio unaoshikanisha chembe za mchanga. Ukiisha, chembe zinateleza kama mtama ghalani. Kufikia Oktoba mchanga umekauka mpaka chini, na joto la kabla ya mvua linamaliza maji yako upesi.

Hata hivyo, Juni na Julai zina kero zake. Upupu umekauka na vitumba vyake vinaning'inia usawa wa mikono pembeni ya njia. Vaa shati jepesi la mikono mirefu na glavu za vidole vyote. Ukiguswa, usijikune wala usipanguse kwa kiganja, maana unavisukuma vinywele ndani ya ngozi na kuvihamishia shingoni. Bandika selotepu na kuivuta, mara kadhaa, kila mara kipande kipya. Ukiwa huna, paka tope zito, liache likauke, kisha libandue.

Kipindi hichohicho wakulima wanapuliza mikorosho salfa kwa ajili ya ubwiriunga, kwa kawaida asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia. Unga ule unawasha macho na kifua, na mtu anayehema kwa nguvu anauvuta mwingi. Ukisikia mashine ya kupulizia inaunguruma, simama upande unakotokea upepo usubiri, au zunguka. Na ukipita penye ufuta uliofungwa vitita na kusimamishwa ukauke, shuka usukume baiskeli. Vitumba vyake vikishakauka vinapasuka kwa kuguswa tu. Hendeli yako ikikokota kitita kimoja, jasho la mtu limemwagika chini, na hakuna namna ya kuliokota.

Tairi

Upana kwanza. Tairi la inchi 2.25 hadi 2.4 linatosha kwa mchanganyiko wa mchanga, changarawe na mizizi. Baiskeli nyingi za mitumba zinakuja na tairi za 26 kwa 1.95, zinapita, ila penye mchanga utashuka mara nyingi zaidi. Kabla ya kununua pana zaidi, pima nafasi: kati ya tairi na foko, na kati ya tairi na fremu kwa nyuma, ibaki angalau milimita 6 kila upande. Pungufu ya hapo, kokoto moja iliyoshikwa na meno ya tairi itachuna fremu mpaka bati.

Meno ya tairi yasikudanganye. Penye mchanga mkavu meno marefu yanachimba. Kinachokubeba ni upana na upepo mdogo. Weka mbele tairi lenye meno ya wastani, yaliyo wazi pembeni kwa ajili ya kona za changarawe, na nyuma lenye meno mafupi yaliyokaribiana.

Sasa upepo. Kwa mtu wa kilo 70 aliyebeba maji lita nne, kwenye tairi la 2.25 lisilo na tyubu, anza na psi (kipimo cha upepo) 20 mbele na 23 nyuma. Lenye tyubu lianze na 27 mbele na 30 nyuma. Kila kilo 10 zaidi za mwili, ongeza psi 2. Kila kilo 10 pungufu, punguza 2. Ukifika kwenye mchanga mrefu, usioisha upesi, toa mpaka 15 au 16 kwa tairi lisilo na tyubu, na usishuke chini ya 22 kwa lenye tyubu. Sababu ni hii: tairi lenye tyubu likiwa laini mno, mzizi au jiwe linaibana tyubu dhidi ya kingo mbili za rimu, na unapata matundu mawili yaliyopangana sambamba. Ukiyaona, tatizo halikuwa mwiba, bali upepo mdogo. Usipoteze muda kutafuta mwiba usiokuwapo.

Pima upepo asubuhi, baiskeli ikiwa kivulini. Tairi lililoachwa juani saa moja linapanda psi kadhaa, na ukipima wakati huo utatoa upepo ambao jioni utauhitaji. Na ukishatoka kwenye mchanga kuingia kwenye mawe, jaza tena. Watu wanaona uvivu kufanya hivi, halafu wanapinda rimu.

Kuhusu miiba: kuna mbigili, inayotambaa chini penye njia zilizokanyagwa, na kuna miiba mirefu ya migunga. Mbigili inatoboa tundu dogo, ila haiji peke yake. Si ajabu kuitoa kumi na tano kwenye tairi moja. Kilicho kibaya kuliko vyote si mwiba, ni kisiki cha mwanzi. Mkulima anakata mwanzi mshazari kwa panga, kinabaki kipande cha sentimita kumi chenye ncha kama kisu, kinafichwa na nyasi au majivu, na hicho kinapasua ubavu wa tairi. Penye mianzi endesha katikati ya njia, hata kama katikati ndiko kwenye mchanga.

Kinga ya kwanza ni tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya kuziba, ule utomvu wa mpira ulio katika hali ya majimaji. Tairi la 29 kwa 2.3 weka mililita 100 hadi 120. La 26 zinatosha 80. Maelekezo mengi ya chupani yanataja miezi mitatu mpaka sita kabla ya kuongeza. Kwa joto la Lindi hesabu miezi miwili. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia majimaji yakicheza, imekauka. Mwiba ukiingia kwenye tairi la namna hii, usiung'oe njiani kama upepo hautoki. Umeshajiziba wenyewe, ung'oe nyumbani.

Kinga ya pili ni ya bei ya chini, na mafundi wa vijijini wanaijua. Chukua tyubu nzee ya ukubwa uleule, kata sehemu ya valvu, pasua kwa urefu upande wa ndani, upate ukanda. Ukanda huo ulaze ndani ya tairi, chini ya tyubu nzima. Ncha zake zipishane sentimita 3 na uzichonge ziwe nyembamba, la sivyo zitaiparua tyubu. Nyunyiza poda ya mtoto kati ya tyubu na ukanda, ili visisuguane vikapata joto. Unaongeza gramu 200 hivi kwa kila gurudumu, na baiskeli inakuwa nzito kidogo kuanza kuzunguka. Ni bei ya haki.

Angalia valvu zako kabla ya safari. Pampu nyingi za vijijini ni za valvu nene kama ya gari, au za ile ya baiskeli za kizamani. Ikiwa yako ni ile nyembamba ya kukaza kwa kichwa, beba kichwa cha kubadilishia, kile kidogo cha shaba, viwili, kwa sababu kimoja kitapotea.

Baiskeli yenyewe

Shokapu ya mbele yenye mwendo wa milimita 100 hadi 120 inatosha. Ya nyuma si lazima kwa njia hizi. Gia ndizo muhimu: unahitaji gia nyepesi ambayo meno ya mbele ni machache kuliko ya nyuma kwa mbali, kwa mfano 32 mbele na 46 au zaidi nyuma, au 22 mbele na 34 nyuma kwa baiskeli za sahani tatu. Mwinuko wa Rondo utakudai hiyo gia.

Mnyororo uupime kwa rula. Pini ya kwanza iweke kwenye sifuri. Pini ya 24 baada yake inapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ukisubiri izidi moja ya nane, utabadilisha na sahani za gia pia, maana mnyororo uliorefuka unayala meno.

Usiweke oili ya injini, hasa ile chafu inayomwagwa gereji, ingawa mafundi wengi watakushauri hivyo. Inanasa vumbi, na vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa wa majimaji unaosaga pini kuanzia ndani. Safisha mnyororo kwa mafuta ya taa, ukauke kabisa, weka tone moja la oili nyepesi kwenye kila pingili, zungusha pedali mara ishirini, kisha ufute kwa kitambaa mpaka ukiushika hauachi alama ya mafuta. Oili inatakiwa ndani ya pingili, nje haina kazi.

Breki za sahani zinafaa kuliko za mpira wa rimu, kwa sababu mchanga ukishika rimu mpira unakwisha kwa siku mbili. Ukiwa na za mpira, beba jozi ya ziada. Ukiwa na za sahani, angalia unene wa pedi: ikibaki chini ya milimita 1 juu ya bati, badilisha kabla ya safari. Na jua breki zako zinatumia mafuta gani. Zipo za mafuta ya madini na zipo za mafuta ya breki kama ya gari. Ukiweka ya gari kwenye zile za madini, mpira wa ndani unavimba na breki inakufa.

Kiti kiwe juu kiasi kwamba kisigino kikikaa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unanyooka. Weka alama kwa tepu hapo. Kwenye mteremko utakishusha sentimita 5 hadi 8, na alama itakurudisha.

Unachobeba

Tyubu mbili za ukubwa wako hata kama tairi lako halitumii tyubu, viraka kumi na gundi yake (fungua uone haijakauka, hukauka hata kama haijatumika), vijiti vitatu vya kubandulia tairi, pampu, funguo za pembe sita za 4, 5 na 6, kifaa cha kutolea pini za mnyororo pamoja na viungo viwili vya kufunga kwa mkono, na kipande cha mfuko wa sandarusi wa saizi ya kiganja. Hicho cha mwisho ni cha kuweka ndani ya tairi lililopasuka ubavu. Kunja mara mbili, kilaze kati ya tairi na tyubu, jaza upepo taratibu ukiangalia pengo. Kitakufikisha nyumbani kikiwa kwenye gurudumu la nyuma, ila usiwe na tairi la namna hiyo mbele kwenye mteremko. Likipasuka la mbele unaanguka na uso.

Maji: lita moja kwa kila saa ya kuendesha kwenye joto, na uanze na lita nne. Ziwa lipo, lakini usilihesabu. Maji yaliyotulia yenye magugu ukingoni ndiko wanakoishi konokono wa kichocho, na kichocho kinaingia kwa ngozi, hata usipoyanywa maji hayo. Kwa hiyo usioge, usiingie kuosha baiskeli, usitumbukize miguu kupoza. Kuhusu chumvi, pakiti za maji ya chumvichumvi za duka la dawa zinafaa: pakiti moja kwa lita moja. Ukizikosa, vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi. Madafu ukiyapata Lindi mjini, kunywa kabla ya kuondoka.

Nguo: usivae bluu wala nyeusi. Ndorobo huvutwa na rangi hizo. Kaki, kijivu au kijani kilichopauka ni bora.

Ruhusa na adabu

Litipo ni msitu wa hifadhi, na Rondo kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia. Zote zinahitaji ruhusa, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) Lindi. Uliza hasa ni njia zipi baiskeli inaruhusiwa, na ukae kwenye hizo. Msitu wa Rondo ndiko alikopewa jina komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku aliyetambuliwa kisayansi kuwa spishi yake mwaka 1997. Anaishi kwenye mabaki machache ya misitu ya aina hii, kwa hiyo kufyeka kijia kipya ili ufupishe kona si jambo dogo.

Kijijini, kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, usaini kitabu cha wageni, useme unatoka wapi, unaenda wapi na utarudi lini. Si urasimu mtupu: ukipotea, hao ndio watakaojua waanzie wapi kukutafuta. Njiani ukikutana na mzee, punguza mwendo, shusha mguu mmoja, "Shikamoo babu," ndipo uulize njia. Anayeuliza njia huku magurudumu yanazunguka anajibiwa kwa mkono tu.

Na usiulize "ni mbali?" Utajibiwa "si mbali, hapo tu." Uliza bodaboda anatoza shilingi ngapi mpaka huko. Nauli haidanganyi.

Kuchagua njia

Pakua ramani ya simu inayofanya kazi bila mtandao kabla ya kutoka mjini. Programu zinazotumia ramani huria za OpenStreetMap zinaonyesha njia nyingi za miguu, ingawa si zote. Kisha isome ramani kwa macho ya mtu wa hapa. Pito la bodaboda ndilo bora: pikipiki zimeshatafuta sehemu ngumu na kuibana, kuna mstari mmoja wa upana wa sentimita 30 ulioshindiliwa kama sakafu. Njia ya miguu ya shambani ni ya pili. Ni imara, ila inapinda ghafla na matawi ya mikorosho yako usawa wa uso. Pito la ng'ombe ni la mwisho. Kwato zimesaga mchanga ukawa unga, na penye mfinyanzi zimeacha mashimo yaliyokauka magumu kama matofali, yanayokung'uta mpaka meno.

Kando ya ziwa, kaa kwenye mstari wa miti, mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Tope la ukingoni hukauka juu na kufanya ganda. Linambeba ndege, halikubebi wewe. Gurudumu la mbele likizama ghafla unarushwa. Vilevile, ukiona pito linaloshuka majini lenye mifereji miwili sambamba na tuta dogo katikati, hilo ni pito la kiboko. Ameacha alama hiyo kwa sababu miguu yake ya kushoto na kulia imeachana sana. Usiwe hapo alfajiri wala jioni, na kamwe usisimame kati ya pito hilo na maji. Kama wenyeji wamesema kuna mamba au tembo wamepita wiki hii, badilisha njia siku hiyo.

Vilevile angalia juu. Mizinga ya nyuki hutundikwa kwenye miti mikubwa pembeni ya njia. Ukiiona, pita kimya, bila kengele.

Kupita kwenye mchanga

Toka mapema. Saa 12 na nusu asubuhi mchanga una umande na unabeba. Saa 5 mchanga uleule unakumeza. Panga sehemu za mchanga ziwe za kwanza, za mawe ziwe za mchana.

Kabla hujaingia, badilisha gia iwe nyepesi kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu ndani ya mchanga kubadilisha gia kunakatisha nguvu na unasimama. Sogeza makalio nyuma, kifua kikae wima kiasi, mikono ilegee. Kanyaga kwa mzunguko wa haraka usiokatika. Gurudumu la mbele litacheza kushoto na kulia, liache licheze. Kosa la karibu kila anayeanza ni kulibana na kulikatisha kwa hendeli: likikatwa linalala kwa ubavu, linachimba, na linasimama. Geuka kwa kiuno, elekeza magoti unakotaka kwenda.

Ukisimama, usianzie hapohapo. Sukuma mpaka penye nyasi au majani makavu, hata mita mbili tu zinatosha, upate mizunguko mitatu ya pedali kabla ya kurudi mchangani. Pembeni mwa njia, penye mizizi ya nyasi, mara nyingi panabeba kuliko katikati. Ila hapo ndipo penye mbigili. Chagua lipi unataka.

Kupanda na kushuka

Miinuko ya kuelekea Rondo ina udongo mwekundu wenye changarawe za duara zinazobingirika kama gololi. Ukisimama kwenye pedali, gurudumu la nyuma linapoteza uzito na kuzunguka bure. Kaa kwenye ncha ya mbele ya kiti, kunja viwiko, kifua kishuke karibu na hendeli, gia nyepesi kabisa. Kanyaga sawasawa bila kushtua. Pakiwa pakali mno kiasi kwamba gurudumu la mbele linanyanyuka, shuka utembee. Kutembea kunachukua muda karibu uleule na kunaacha nguvu ya kushukia, ambako ndiko watu wanakoumia.

Kwenye mteremko shusha kiti, pedali zikae sambamba na ardhi, visigino chini, makalio nyuma ya kiti. Kidole kimoja au viwili kwenye breki, wala si kiganja kizima. Funga breki kabla ya kona, ukiwa umenyooka. Ndani ya kona achia. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi penye udongo mgumu, ila penye changarawe au mchanga igusie tu na uitegemee ya nyuma. Mifereji ya mvua inayokata njia ivuke kwa pembe mraba, na mizizi hivyohivyo. Ukiivuka kimshazari, gurudumu linateleza kufuata mzizi nawe unaenda upande mwingine. Usikamate breki mfululizo mteremko mzima: sahani inapata moto na nguvu ya breki inapungua. Kamata kwa nguvu, achia, kamata. Kila baada ya dakika kumi simama, usiguse sahani kwa kidole.

Baada ya moto wa pori, majivu yanaficha visiki na mashimo ya mizizi iliyoungulia chini kwa chini. Penye weusi tembea.

Siku mbili zinavyopangwa

Siku ya kwanza zunguka maeneo ya ziwa na kando ya Litipo, kilomita 20 hadi 25, bila haraka, ili ujue upepo wa tairi lako unakaaje. Kwenye mchanganyiko wa mchanga na vilima hesabu mwendo wa kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Anayepanga 15 atalala porini. Siku ya pili elekea Rondo. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 30, kwa njia zenyewe zaidi, na unapanda jumla ya zaidi ya mita 500 hata kabla ya kuhesabu kila bonde unaloshuka na kupanda tena. Weka kanuni mbili na usizivunje: maji yakifika nusu kabla hujafika nusu ya safari, geuza; saa 6 mchana ikikukuta hujaanza mwinuko wa mwisho, geuza. Giza huku linaingia upesi baada ya saa 12 na nusu jioni. Ukitaka kutoka upande wa kusini badala ya kurudi, bonde la Lukuledi na barabara kuu ya Mnazi Mmoja kwenda Masasi ndiko kwenye usafiri; Nyangao na Mtama ziko kwenye barabara hiyo.

Mambo yakiharibika

Pancha: geuza baiskeli, toa gurudumu, toa upande mmoja tu wa tairi. Kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote, mizunguko miwili, mara moja kila upande. Mbigili iliyobaki itatoboa tyubu mpya ndani ya dakika tano. Jaza upepo kidogo tyubu ikae duara, iingize, rudisha tairi kwa vidole gumba ukimalizia kwenye valvu. Ukitumia chuma kumalizia, utaibana tyubu.

Sikio la kushikia mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha mnyororo, likipinda baada ya kuanguka, usijaribu gia nyepesi kabisa. Mkono utaingia kwenye spoku na kuvunja vyote. Ukivunjika kabisa, utoe, fupisha mnyororo kwa kutoa pingili, uuweke kwenye sahani moja ya katikati nyuma, uufunge kwa kiungo cha mkono. Utarudi na gia moja.

Nyoka akikuuma, hasa kifutu anayelala njiani asubuhi akijipasha jua, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, tuliza mguu kwa kipande cha ubao, usitembee, mtu aite bodaboda. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine iko Lindi mjini. Kwa waliotokea upande wa Masasi kuna hospitali ya misheni Ndanda.

Bodaboda huyohuyo anaweza kubeba na baiskeli iliyokufa. Toa gurudumu la mbele, laza fremu kwa upana nyuma ya abiria, upande wa mnyororo uwe juu, funga kwa mpira wa tyubu nzee sehemu tatu: fremu, gurudumu la nyuma, hendeli. Pedali ya ndani iondoe au uizungushie nguo. Isipofunikwa itamchoma abiria mgongoni kwa kila shimo.

Ukifika nyumbani, usiifungie baiskeli stoo vilevile. Futa mchanga kwa brashi kavu kabla ya maji, kwa sababu maji yanausukuma mchanga kwenye beringi za habu. Mbigili zing'oe moja moja kwa koleo, na kila utakapong'oa, zungusha gurudumu ili dawa ya ndani ifike kwenye tundu, kisha tundu liwe chini kwa dakika moja. Nguo za siku hiyo zifue peke yake, na mfuaji umwambie mapema kwamba kulikuwa na upupu.